Breki za gari linaloshuka Lushoto: kipi kibadilishwe, na lini

Msomaji mmoja wa Makorora, hapa Tanga, ana gari la Kijapani la viti saba lenye breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Viti vya nyuma ameving'oa, na mara mbili kwa wiki hupanda nalo Lushoto kuchukua kabichi, karoti na viazi vya kuuza katika soko la Mgandini. Ananiandikia kwamba kila asubuhi breki hulia anapotoka nyumbani, kisha hunyamaza kabla hajafika barabara kuu. Hilo alikuwa amelizoea. Kilichomtisha ni safari ya wiki iliyopita: akiwa na mzigo, alipoipita Soni kuteremka Mombo, pedali ya breki ilianza kulainika, na kwenye kona za mwisho ikawa inazama karibu na sakafu. Alifika Mombo salama, akapumzika nusu saa, na pedali ikarudi kuwa ngumu kama kawaida. Fundi wa kwanza alichungulia gurudumu moja akamwambia pedi bado nzima, asihangaike. Fundi wa pili akamwambia abadilishe pedi, diski na viatu vya nyuma, vile vinavyosugua ndani ya ngoma, vyote kwa mpigo. Anauliza amwamini nani, na yeye mwenyewe atajuaje siku ambayo kifaa cha breki kimefikia mwisho wake.

Ndugu yangu, kwanza nashukuru kwamba uliiogopa ile pedali iliyozama, kwa sababu wenye magari wengi, ikisharudi kuwa ngumu, husahau. Mafundi wako wote wawili wamekujibu bila kupima. Mmoja amekuokolea fedha kwa kubahatisha, mwingine angekutoza fedha kwa kubahatisha, na hakuna hata mmoja aliyegusa kitu ambacho, kwa dalili ulizozieleza, ndicho kilichotaka kukuua: mafuta ya breki. Kwa hiyo nitaanza na hayo, kisha nirudi kwenye pedi, diski na ngoma, ambazo nazo zina vipimo vyake.

Tufanye hesabu ya mteremko wenyewe. Gari lako pamoja na kabichi lina uzito wa tani mbili hivi. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inashuka karibu mita 1,000 ndani ya kilomita zisizozidi 35. Nguvu inayopaswa kumezwa katika mteremko huo ni sawa na kulisimamisha gari hilo hilo kabisa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa mara 40 hivi, mfululizo. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na upepo na injini, lakini ukishuka ukiwa kwenye gia kubwa, au umeiacha gia ya otomatiki kwenye D, sehemu kubwa inakwenda breki, na ndani ya breki haigeuki kuwa kitu kingine ila joto. Diski inachemka, pedi inapokea joto hilo, pistoni ya kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, inalipokea kutoka kwenye pedi, na nyuma ya pistoni ndipo yalipo mafuta.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia mipira na kupitia kifuniko cha kopo lake. Tanga, ambako ukiamka asubuhi kioo cha gari kimelowa kana kwamba mvua ilinyesha usiku, kazi hiyo haicheleweshwi na hali ya hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji yanayokaribia asilimia 4, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, unabonyezeka. Hapo mguu wako unabonyeza mvuke badala ya kuisukuma pistoni, na pedali inazama. Ukisimama Mombo nusu saa, breki zinapoa, mvuke unageuka kuwa majimaji tena, pedali inarudi ngumu, na fundi anayekagua gari likiwa limepoa haoni kosa lolote. Ndiyo maana fundi wako wa kwanza alikuambia usihangaike.

Joto likizidi, breki inaweza kushindwa kwa namna nyingine pia, nawe uitofautishe na hii. Pedi yenyewe ikipata joto kupita uwezo wake hupoteza mshiko: pedali inabaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, lakini gari halipungui mwendo, na mara nyingi kunakuwa na harufu kali ya kitu kinachoungua. Pedali ngumu isiyoshika inakuelekeza kwenye pedi, au kwenye busta inayousaidia mguu ikiwa ugumu huo upo hata breki zikiwa baridi. Pedali laini inayozama inakuelekeza kwenye mafuta yaliyochemka au upepo ulioingia kwenye mfumo. Wewe umeeleza pedali laini. Mafuta ya breki yahesabu kuwa ni spea kama pedi zilivyo: kwa gari la pwani linalopanda milima, yamwagwe yote na kuwekwa mapya kila baada ya miaka miwili, na kama hukumbuki yalibadilishwa lini, basi wakati wake umeshapita. Nunua chupa iliyofungwa, soma kwenye kifuniko cha kopo la gari ni daraja gani linalotakiwa, na chupa iliyobaki nusu gerejini tangu mwezi uliopita usikubali imiminwe ndani ya gari lako, kwa sababu nayo imekuwa ikinywa hewa ileile. Gari linalotumia DOT 3 linaweza kupewa DOT 4. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na hizo kamwe.

Sasa kelele za asubuhi. Diski ni chuma kitupu kisicho na rangi pale pedi zinapokamata. Ikilala usiku mmoja katika unyevu wa bahari huota utando mwembamba wa kutu, na breki tano au sita za mwanzo huusugua ukaisha. Kelele inayokwisha hivyo haidai kifaa kipya. Kelele ya kuogopa ni ya namna mbili. Ya kwanza ni mlio mwembamba, mkali, unaosikika gari likiwa linatembea na mara nyingi ukibadilika au kukoma unapogusa breki. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi uanze kugusa diski pedi inapobakiza milimita 2 au 3. Ukisikia huo, weka miadi na fundi ndani ya siku chache. Ya pili ni mkwaruzo mzito, chuma kwa chuma, unaousikia hata kwenye pedali chini ya unyayo. Hapo lainingi, yaani sehemu ya pedi inayosugua na kulika, imekwisha, bamba la chuma la pedi linakula diski, na gari lisitembee tena hadi lifunguliwe. Hata hivyo usiyaachie masikio yako kazi ya kupima, kwa sababu baadhi ya pedi zinazouzwa madukani hazina ule ulimi kabisa, na nyingine zimefungwa na ulimi ukiwa upande usiofaa. Pedi ya namna hiyo inakwisha kimya.

Pedi mpya ya mbele kwa gari kama lako ina lainingi ya milimita 10 hadi 12. Ikibaki milimita 3, ibadilishwe. Viwanda vingine huruhusu hadi karibu 1.5, lakini lainingi iliyobaki nyembamba hivyo hupitisha joto haraka mno kwenda kwenye pistoni, na kwa mtu wa njia ya Lushoto joto ndilo tatizo lenyewe. Mimi, kwa gari lako, ningeng'oa pedi zikiwa na 4. Huhitaji chombo cha gharama: lifungue gurudumu, washa tochi ya simu, tazama kupitia dirisha la kalipa, na linganisha unene wa lainingi na unene wa bamba la chuma lililoibeba. Bamba hilo kwa kawaida ni milimita 5 au 6. Siku lainingi inapokuwa nyembamba kuliko bamba lake, anza kutafuta pedi nyingine. Ukitaka hakika zaidi, rula ya mtoto wa shule inatosha.

Lakini tazama pedi zote mbili za kila gurudumu, ya nje na ya ndani, na hapa ndipo fundi wa kwanza alipoweza kukosea hata kama hakukudanganya. Ukichungulia kupitia matundu ya rimu unaiona ya nje tu. Niliwahi kufunguliwa gari la namna ya lako katika gereji moja ya Ngamiani, mwenyewe akiwa amehakikishiwa siku chache kabla kwamba pedi zake ni nzima. Ya nje tuliipima ikawa na milimita 7. Ya ndani, upande uleule wa kushoto, ilikuwa bamba tupu, limeng'aa kama kisu kilichotoka kwenye jiwe, na uso wa ndani wa diski ulikuwa na mifereji inayoingia ukucha. Sababu tuliiona tulipojaribu kuivuta pini ya kalipa: haikutoka kwa mkono, ikabidi ipigwe nyundo. Mpira wake mdogo wa kukinga vumbi ulikuwa umechanika, maji ya chumvi yakaingia, pini ikashika kutu ndani ya tundu lake. Kalipa ya aina hii ina pistoni upande mmoja tu, na huelea juu ya pini hizo ili pedi zote mbili zibane sawasawa. Pini ikiganda, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake na kuisha peke yake. Mwenye gari alikuwa amekwisha badilisha pedi za upande ule mara mbili ndani ya mwaka, akilaumu ubora wa pedi.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndicho ninachotaka ukishike kuliko vipimo vyote: namna kifaa kilivyolika inakuambia nini kingine kimeharibika, na ukibadilisha kilicholika ukaacha kilichokilisha, umenunua spea ya miezi michache. Ya ndani ikiisha kabla ya ya nje, tazama pini. Zote mbili za gurudumu moja zikiisha kabla ya za gurudumu la pili, pistoni hairudi, au mpira wa mafuta unaokwenda gurudumu hilo umevimba kwa ndani na unazuia mafuta kurudi; baada ya safari, sogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa, nawe utahisi upande ambao ni moto zaidi. Pedi ikilika kama kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kalipa imekaa mshazari kwa pini kuchakaa au kwa kutu pale pedi inapokaa. Gari likivuta upande mmoja unapokanyaga breki, kosa liko kati ya hayo, au kuna mafuta au grisi iliyodondokea pedi, na pedi iliyokunywa mafuta haisafishwi kwa petroli ikapona. Inatupwa, pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Kwa gari la pwani pini zitolewe, zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki kila mwaka, hata kama pedi hazijafika wakati wake. Grisi ya kawaida ya beringi isitumike hapo, kwa kuwa huvimbisha mpira na kuigandisha pini ileile uliyotaka kuiponya.

Diski nayo ina kikomo chake, tena kimeandikwa juu yake. Ukiisugua kutu kwa brashi ya waya sehemu ya katikati au ukingoni, mara nyingi utakuta maneno MIN TH na tarakimu za milimita. Diski iliyotoka kiwandani na milimita 22, kwa mfano, huandikwa kikomo cha 20, maana yake milimita 2 tu ndizo zilizotengwa kwa ajili ya kulika, nyuso zote mbili zikijumlishwa. Apimaye na awe mwangalifu: pembezoni mwa diski, mahali pedi zisipofika, hubaki ukuta mwembamba wa chuma na kutu, na fundi akiibana diski kwa venia, chombo cha kupimia unene, juu ya ukuta huo atasoma unene ambao diski ilikuwa nao zamani. Kipimo kichukuliwe ndani ya njia ya pedi, kwa maikromita, chombo kinachopima unene kwa usahihi zaidi, mahali panne au zaidi. Vipimo hivyo vikitofautiana, ndiyo sababu ya pedali kudunda chini ya mguu na usukani kutetemeka ukifunga breki katika mwendo mkubwa. Diski iliyo juu ya kikomo lakini ina mikwaruzo au haiko sawa inaweza kuchongwa, mradi baada ya kuchongwa ibaki juu ya kikomo; iliyo chini yake, au iliyopasuka ufa unaofika ukingoni, hata ing'ae namna gani, ni chuma chakavu. Kwa hiyo fundi wako wa pili huenda akawa na haki kuhusu diski, lakini muulize ni milimita ngapi. Asipokuwa na tarakimu ya kukupa, hana haki ya kukuuzia.

Breki za nyuma nitazipitia kwa haraka, kwa sababu gari likifunga breki uzito huhamia mbele, na zile za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Viatu vya nyuma mara nyingi hudumu muda mrefu mara mbili ya pedi au zaidi. Visikusahaulishe, hata hivyo. Ngoma ifunguliwe mara moja kwa mwaka. Lainingi ya kiatu ikibaki milimita 2 ibadilishwe, na kama imefungwa kwa misumari, isiachwe ikafikia vichwa vya misumari hiyo. Ngoma pia ina kipenyo cha mwisho kilichoandikwa ndani yake. Vumbi lililomo likiwa limelowa na kuganda, silinda ndogo ya gurudumu inavuja, na hiyo haisubiri. Vumbi kavu lisipulizwe kwa mashine ya upepo wala kwa mdomo. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na hata zisizo nayo hazifai mapafu ya mtu. Lilowanishwe na kufutwa.

Vifaa vya breki hubadilishwa kwa ekseli, kushoto na kulia pamoja, hata kama upande mmoja unaonekana mzuri, la sivyo gari litavuta upande. Haidai kwamba mbele na nyuma zibadilishwe siku moja. Hilo ni pendekezo la fundi wako wa pili ambalo sioni sababu yake katika uliyonieleza. Unaponunua pedi, tazama maandishi ya ubavuni: pedi nyingi zina msimbo unaomalizikia kwa herufi mbili kama FF au EF, ya kwanza ikionyesha mshiko wa pedi katika joto la kawaida na ya pili mshiko wake ikiwa moto. F ni mshiko mkubwa kuliko E. Kwa kazi yako herufi ya pili ndiyo yenye maana zaidi. Pedi isiyo na andiko lolote, ambayo pembe zake zinamomonyoka ukizikwaruza kwa kidole, iache dukani hata ikiwa nusu bei.

Usimamie pia mambo mawili wakati wa kazi. Pistoni zinaporudishwa ndani ili pedi nene ziingie, mafuta hurudi kwenye kopo lake, na kama mtu alikuwa akiyaongeza kila yalipopungua, yatafurika na kubabua rangi. Kupungua kwa mafuta taratibu ni dalili ya kawaida ya pedi kulika, kwa hiyo anayeongeza bila kufungua gurudumu anaifuta dalili hiyo. La pili ni la hatari zaidi: kazi ikiisha, pedali ikanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama, hadi iwe ngumu, kabla halijasogea hata hatua moja. Kanyago la kwanza baada ya pedi mpya huenda hadi sakafuni, na magari yamegonga kuta za gereji kwa sababu hiyo. Kisha pedi zifundishwe kazi katika barabara tulivu kwa breki za wastani kama kumi, kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, ukiziachia nafasi ya kupoa kati ya moja na nyingine. Usiende nazo Lushoto siku hiyohiyo.

Kuhusu kilomita, ambazo wengi hunitaka nizitaje, sitakupa tarakimu ya kubadilishia pedi. Dereva wa Raskazone anayekwenda kazini mjini na kurudi anaweza kufika kilomita 50,000 kwa pedi ambazo wewe utazimaliza kwa 20,000. Nitakupa ya kukagua: kila unapomwaga oili ya injini, magurudumu ya mbele yafunguliwe.

Kwa gari lako sasa, fanya kwa utaratibu huu. Kabla ya safari ijayo ya Lushoto mafuta yote ya breki yamwagwe, yawekwe mapya, na upepo utolewe magurudumu yote manne. Siku hiyohiyo pedi za ndani na za nje zipimwe, pini zitolewe, diski zipimwe kwa maikromita, nawe uandike tarakimu kwenye daftari ukiwa umesimama pale. Ukiwa na mzigo, ingia gia ndogo hapo Lushoto mjini, kabla mteremko haujaanza, na kama gari ni la otomatiki tumia 2 au L; kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uiachie ipoe, usiishikilie kidogokidogo njia nzima. Pedali ikianza kulainika tena, simama mahali pa wazi mapema, weka jiwe mbele ya gurudumu, upande wa mteremko, na diski zilizo moto usizimwagie maji.

Na kama baada ya mafuta mapya pedali bado inakutia shaka, fanya jaribio hili gari likiwa limesimama pahali tambarare na injini inanguruma: kanyaga breki kwa uzito wa wastani na ushikilie kwa dakika moja. Ikibaki pale pale, mfumo uko sawa. Ikizama taratibu chini ya mguu bila kuwepo mvujo wowote kwenye magurudumu na paipu, mipira ya ndani ya masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, imechoka, na hiyo ndiyo spea ya kununua, kabla ya pedi na kabla ya diski.